Fumbo la konokono: la herufi au la silabi? Uzoefu wangu

Hili ni fumbo la visanduku 100 vilivyojikunja kama gamba la konokono: namba 1 iko kwenye kona ya juu kushoto, namba 100 katikati kabisa. Vidokezo viko katika orodha mbili. Orodha moja inaanzia 1 kuingia ndani, nyingine inaanzia 100 kutoka nje, na zote zinajazwa kwa herufi zile zile. Waliozoea majarida ya mafumbo ya Kiingereza wanalijua. Kwa Kiswahili nimetumia ya aina mbili, ya herufi moja kwa kisanduku na ya silabi moja kwa kisanduku. Niseme mapema: anza na ya herufi, lakini pesa yako iweke kwenye ya silabi.

Kipande cha visanduku tisa kinatosha kuonyesha kazi ilivyo. Kuingia: 1–5, starehe ya kupindukia, 6–9, hutoka porini zikaishia jikoni. Kutoka: 9–5, usiendelee kuketi, 4–1, kupita kiasi. Majibu ya kuingia ni ANASA na KUNI. Ukirudi nyuma unapata INUKA na SANA. Angalia mpaka wa maneno: ukiingia unakata baada ya 5, ukitoka unakata baada ya kuipita 5. Kusogea huko kwa mpaka ndiko kunakofanya fumbo liwe fumbo. Kila kisanduku kimo ndani ya maneno mawili, kwa hiyo jibu la kubahatisha halidumu. Ukidhani 4–1 ni “mno”, visanduku vinakukataza. Ukidhani 9–5 ni “simama”, vivyo hivyo.

Katika ya herufi kuna siri ambayo vijitabu havikuambii. Neno la Kiswahili huishia na irabu, na hapa maneno yanaishia pande zote mbili. Basi kisanduku cha 1 lazima kiwe irabu, na cha 100 pia. Tena, konsonanti mbili zikifuatana, zikigeuzwa hutoa kitu kisichotamkika: mb huwa bm, nd huwa dn, ch huwa hc. Kwa hiyo sahau nyumba, chakula, shamba na ndege, hutayakuta humo. Yanayopona ni machache, kama sk ya maskini inayogeuka ks ya teksi. Ukishajua hivyo, weka alama ndogo ya irabu kabla na baada ya kila konsonanti unayoipata, na nusu ya kazi imekwisha. Ndiyo maana fumbo hili huchosha haraka. Msamiati wake ni mwembamba, na mtungaji aliyeishiwa hukimbilia jozi zinazokaa kwenye visanduku vile vile: amani na inama, aibu na ubia, azimu na umiza, anika na akina. Mbaya zaidi ni idadi, upupu, ububu na uzuzu, ambayo hayabadiliki ukiyageuza, kwa hiyo kidokezo cha pili ni cha bure.

Ya silabi inafungua mlango huo. Nyumba inaingia kama NYU-MBA, macho kama MA-CHO, na ukigeuza unapata choma. Kipande kizuri cha visanduku vitano ni MA-KA-LI, BA-KI; kurudi ni KI-BA-LI, KA-MA. Waliocheza kinyume, ule usemi wa pwani wa kupeleka silabi ya mwisho mwanzoni, watashika mwendo upesi kuliko wengine.

Kinachosumbua hapa ni M. Katika mtu, M ni silabi kamili, hivyo ina kisanduku chake: M-TU. Ukiikuta M pekee, jaribu kwanza kudhani neno linaanzia hapo pande zote mbili. Mfuatano KE, M, TU ukiingia ni mwisho wa neno fulani kisha mtu. Ukitoka ni mwisho wa neno jingine kisha mke. Mara nyingi dhana hiyo hushika, ila namna (NA-M-NA) na amri (A-M-RI) zitakuangusha.

Kabla ya kununua, fungua ukurasa wa katikati na usome maelekezo. Tafuta kama vitenzi vilivyonyambuliwa na kuwekewa viambishi vinaruhusiwa. Vikiruhusiwa ovyo, alika itageuzwa kuwa akila na kila upuuzi unaoanza na a- utahesabiwa kuwa neno. Mimi huviacha vijitabu vya namna hiyo. Linganisha pia namba za vidokezo: orodha ya kuingia ikisema 1–4, 5–8 na ya kutoka 8–5, 4–1, mipaka haijasogea, na ukipata upande mmoja umeshapata wa pili. Angalia na ukubwa wa visanduku. Vya silabi vinahitaji upana wa sentimita moja na nusu hivi, maana NYWE au NGWA haiingii kwenye sentimita moja pamoja na namba yake.

Ukikwama, usiendelee kung'ang'ania upande mmoja. Chukua kidokezo cha upande wa pili kinachopita kwenye namba zile zile, na andika herufi wima hata pale njia inapopinda; anayeandika kwa kuzungusha karatasi huishia kusoma N kama Z.