Ukurasa wa pamoja uliomeza kazi ya darasa langu

Nilisubiri siku kadhaa hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa.

Muhula ulipoanza niliwaingiza wanafunzi wangu kwenye huduma moja ya mtandaoni ambapo wote wanaandika ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, na pembeni kuna kisanduku cha kutafutia kinachojibu swali kwa maelezo na kutaja vyanzo. Wiki za mwanzo niliisifu kwa kila mwalimu niliyekutana naye. Tulikuwa tunaandika kuhusu kupatwa kwa mwezi. Binti mmoja, ambaye kwa kawaida hanyooshi mkono, akakiuliza kile kisanduku kwa nini mwezi haupatwi kila unapokuwa mpevu. Akajibiwa kwamba njia ya mwezi imeinama kiasi cha digrii 5 ukilinganisha na njia ya dunia kulizunguka jua, kwa hiyo mara nyingi mwezi mpevu hupita juu au chini ya kivuli cha dunia. Hakuridhika. Alifungua vyanzo vyote viwili, kimoja akakuta hakigusi kabisa jambo hilo, akaja kunionyesha. Nilifurahi mno! Jibu lilikuwa sahihi, chanzo kimebandikwa tu, na mtoto amekigundua mwenyewe. Aya aliyoandika siku ile sijapata kuona nzuri kama hiyo kutoka kwake.

Aya hiyo haipo tena.

Mwenzake alitaka kunakili kichwa cha habari, akachagua ukurasa mzima bila kujua, akagusa herufi moja. Niliona kwa macho yangu kwenye skrini ya mbele: maandishi ya wanafunzi tisa yalitoweka, ikabaki "k" peke yake, na vile vijiti vya rangi vinavyoonyesha nani anaandika wapi vyote vikarundikana juu. Kijana wa watu kwa hofu akafunga ukurasa, na uwezo wa kutendua, yaani kurudisha kilichofutwa, ukaenda naye. "Mwalimu, vimeenda wapi?" Nikatafuta historia ya mabadiliko. Hakuna.

Wikipedia ipo tangu 2001, karibu makala yoyote mtu anaweza kufuta maandishi yake yote, na mwingine akayarudisha papo hapo kwa sababu matoleo ya nyuma yanatunzwa. Hilo ndilo linalofanya kuandika pamoja kuwezekane. Bila hilo umewapa watoto ubao na dasta moja, kila mkono umeishika.

Nikawaandikia wahusika. Jibu likaja fupi: historia ni ya wanaolipia, na "wafundishe wanafunzi wako kuwa makini". Makini! Watoto tisa, ukurasa mmoja, na kosa ni lao?

Nilikuwa nimeamua kutoa nyota moja. Kisha yule binti akaniuliza tunarudi lini, kwa sababu ameshaiandika upya aya yake kwenye daftari na anataka kuiweka. Kwa ajili ya kile kisanduku na ajili yake, nikaona tatu. Lakini kila nikisoma tena lile jibu, mkono unakataa. Mbili.

Tutaendelea kuitumia hadi tumalize kazi hii. Kila baada ya dakika kumi nanakili ukurasa wote kwenye faili langu, na yule kijana bado anaomba aandike kwenye daftari tu, hataki kugusa kompyuta.