Kabla Hujanunua Balbu, Uliza Habari za Shingo Yake

Nilinunua balbu sita za LED kwa mkupuo, boksi limeandikwa saa 25,000. Nikapiga hesabu palepale dukani: nikiziwasha saa tano kwa siku, zitanifikisha miaka 13 na ushee. Nikajiona nimeokota dodo chini ya mnazi. Miezi minne haijaisha, nne zimeshakufa. Hazikuzimika ghafla, zilianza kupepesa kama mtu aliyeingiwa na mchanga jichoni, zikapumzika siku mbili tatu, kisha kimya.

Moja nikaipasua (msiniige, sakiti inaweza kubaki na chaji hata ukishaichomoa). Vile vidoti vya njano vinavyotoa mwanga vilikuwa vizima kabisa. Kilichokufa ni sakiti iliyojificha shingoni, kule karibu na skrubu, ambayo kazi yake ni kuugeuza umeme wa ukutani uwe umeme ambao LED inauweza. Ndani yake kulikuwa na kapasita, kile kijikopo kinachohifadhi chaji, iliyovimba tumbo.

Tangu siku hiyo nikiingia duka la taa natazama shingo kwanza. Rangi ya mwanga, umbo, skrubu au pini, hayo yote yako kwenye boksi na macho unayo. Shingo hakuna anayeizungumzia.

Balbu ya zamani ya waya haikujali joto. Waya wake ulipaswa kuwaka kwa nyuzi zaidi ya 2,000 za Selsiasi ndipo utoe mwanga, na sehemu kubwa mno ya umeme wake iliishia kuwa joto. Kwa hiyo waliotengeneza vifuniko vya kioo vya dari waliweza kuifungia ndani kama yai na isidhurike. LED inatoa joto dogo, lakini haiwezi kulirusha mbele pamoja na mwanga. Joto linarudi nyuma, shingoni, kwenye kapasita. Mafundi wa elektroniki wana kanuni yao ya kukadiria: kila joto likipanda nyuzi 10, maisha ya kapasita ya aina hiyo yanakatika nusu. Ukiifungia ndani ya kioo kisicho na tundu, tena ikining'inia kichwa chini ili joto lote lipande shingoni, zile saa 25,000 ni hadithi.

Na hadithi yenyewe ina ujanja. Saa zinazoandikwa kwenye boksi kwa kawaida ni muda wa LED kushuka hadi asilimia 70 ya mwanga wake wa mwanzo. Zinahesabu vidoti. Sakiti ikifa mapema, hilo ni lako.

Sasa nipange, kwa upendeleo ambao siufichi.

Ya kwanza ni Philips, hasa zile za wati 4 zinazotoa lumeni 840. Yaani mwanga wa balbu ya waya ya wati 60 kwa wati 4! Umeme kidogo unaoingia ndio joto kidogo linalobaki, na joto kidogo ndiyo pumzi ya shingo. Zimeandikiwa saa 50,000, namba ambayo naisoma kwa jicho lilelile la mashaka, ila hapa angalau hesabu ya joto inaiunga mkono. Mtanisema kwamba nawapigia debe. Semeni. Ya kwangu ya korido inawaka usiku kucha na haijawahi kupepesa.

Ya pili, Philips za kawaida za wati 8 au 9, kwenye taa iliyo wazi. Hapa ndipo wengi wetu tutaishia, na si pabaya. Balbu ya wati 60 ukiibadilisha kwa ya wati 9, kwa saa tano kila siku, unaokoa karibu uniti 93 kwa mwaka kwa taa moja tu. Ukitoka hapo kwenda ile ya wati 4 unaongeza uniti 9 hivi, basi. Ndiyo maana simlazimishi mtu kukimbilia namba moja. Anza na taa inayowaka muda mrefu kuliko zote nyumbani. Ya stoo inayowashwa dakika mbili iache ijifie yenyewe. Kuitupa ikiwa nzima si kuokoa mazingira, ni kuongeza takataka.

Ya tatu, Osram. Sina kesi nayo. Nikizikosa za Philips, nachukua hiyo na sihangaiki.

Ya nne, zile zenye betri ndani zinazobaki zinawaka umeme ukikatika. Najua mnazipenda. Lakini betri na joto ni maadui wa siku nyingi, na hapo wamepangishwa chumba kimoja. Nunua moja ya dharura, usijaze nyumba.

Balbu nyeupe zilizojisokota kama springi zina zebaki ndani. Ulizonazo zitumie hadi ziishe, na zikifa usizivunje. Mpya usinunue. Na hizi za bei ya kutupa zisizo na jina, nyepesi kama ganda la yai: zimeondolewa alumini ya kubeba joto. Nimemaliza.

Ukiwa dukani, pima uzito mkononi, zenye wati sawa, moja kila kiganja. Soma maandishi madogo. Mara nyingi yamesema wazi kwamba balbu isitumike ndani ya kifuniko kilichofungwa, ila wameyaandika kwa herufi za kumsomea siafu. Kisha iwashwe uitazame kupitia kamera ya simu. Ukiona mistari myeusi inatembea, sakiti yake ni dhaifu.

Ila nani atakuruhusu uiwashe? Muuzaji anaijaribu yeye, sekunde moja, anaichomoa. "Inawaka, mama." Niliporudisha zile nne akaniambia umeme wa kwangu ndio mbaya. Nikatoa risiti: nyeupe pee! Karatasi hizi za mashine hufifia zenyewe, na dhamana ni ya miaka miwili. Mtu akuuzie kitu cha miaka 13 kwa ushahidi usiomaliza hata mmoja, halafu akutazame kama wewe ndiye tapeli.

Wala haya hayakuanza jana. Mwaka 1924 watengenezaji wakubwa wa balbu walikutana Geneva, wakaunda umoja ulioitwa Phoebus, wakakubaliana balbu isiishi zaidi ya saa 1,000, ingawa zilikuwapo za kuishi saa 1,500 na zaidi. Ambaye balbu zake zilidumu mno alitozwa faini. Ndiyo, Philips walikuwamo, na Osram pia. Nawapenda nikiwa na kumbukumbu.

Siku hizi risiti naipiga picha kabla sijatoka mlangoni. Vifuniko vya kioo vya sebuleni nimevivua vyote, nimebakiza vya bafuni na nje penye maji, na huko ndiko nilikopeleka zile za wati 4. Kila balbu mpya naiandikia tarehe shingoni kwa kalamu ya wino usiofutika. Mbili zilizosalia kwenye yale makosa yangu bado zinawaka, na zote mbili, kumbe, tangu mwanzo zilikuwa kwenye taa zisizo na kifuniko.