Squid kwenye kafe yetu Tanga: ilivyogoma siku ya matokeo na nilivyoitibu

Mwaka wa tatu huu natumia Squid kama proksi (programu inayokaa katikati ya wateja na intaneti) ya kafe yetu ya intaneti hapa Ngamiani, kompyuta 18 pamoja na waifai ya wateja wa simu, na siku za kawaida wala huikumbuki kama ipo. Shida ilikuja siku yalipotoka matokeo ya kidato cha nne.

Watu walijaa mpaka barazani, na ilipofika saa nne asubuhi kurasa zikaanza kugoma, zinazunguka tu, nyingine zinafunguka nusu. Nikaristati Squid, ikakaa sawa kama dakika kumi, ikagoma tena, nikaristati, ikagoma. Mama mmoja alikuwa amekaa tangu tunafungua na namba ya mtihani ya bintiye kwenye kikaratasi, akaniambia, "Mwanangu, kama hapa haipatikani niambie tu, niende kwengine." Iliniuma aisee.

Mi nikadhani ni mtandao, nikaongeza bando la hela ya maana, hamna kitu. Ping inarudi vizuri, prosesa imelala, ramu ipo ya kutosha, ndo nilipochanganyikiwa maana seva iliyozidiwa kawaida unaiona inahema.

Jioni ndo nafungua cache.log, faili ambamo Squid inaandika maonyo yake, na ningeanza hapo, nakuta onyo limejirudia mistari kwa mistari kwamba Squid inaishiwa faili deskripta, yaani namba za faili ambazo programu inaruhusiwa kufungua kwa wakati mmoja. Yaani kwenye Linux kila muunganisho unahesabiwa kama faili, kwa hiyo mteja mmoja akifungua ukurasa Squid inatumia moja ya kuongea na simu yake na nyingine ya kuongea na tovuti, na ikisoma kashe (nakala za kurasa ilizohifadhi) ya kwenye diski inaongeza ya tatu. Kikomo changu kilikuwa 1024, piga hesabu, ni miunganisho kama 500 tu, na simu moja yenye programu kibao inashika kumi au ishirini peke yake, tena za https (tovuti zilizofungwa kwa siri) zinapita kama bomba na bomba linaweza kubaki wazi hata mwenye simu ameshaitia mfukoni. Zikiisha Squid haifi, inaacha tu kupokea wageni wapya. Na kuristati kulisaidia kwa sababu kunakata mabomba yote kwa mpigo.

Kwenye kutibu nilihangaika usiku kucha na ulimit -n, amri ya kupandisha kikomo hicho, terminali inasema 16384, naristati, mgr:info (ripoti ya hali ya Squid) bado 1024! Kumbe Squid inawashwa na systemd, programu ya Linux inayowasha huduma, haina habari na terminali yangu. Ikabidi systemctl edit squid, nikaandika LimitNOFILE=16384 kwenye sehemu ya Service, na max_filedescriptors 16384 kwenye squid.conf, faili la mipangilio yake, halafu kuizima na kuiwasha kabisa, reconfigure (kuisomesha mipangilio upya bila kuizima) haitoshi.

Naipenda Squid na ni ya bure, ila usiiweke ukitegemea itakuokolea bando kama zamani, tovuti nyingi sa hivi ni https na haioni ndani, kwa hiyo kashe haipati kitu. Mi inanifaa kwa delay_pools, mpangilio wa kugawa spidi, mtu mmoja asimalize spidi ya wote.

Yalipotoka ya kidato cha sita watu walijaa vilevile, nikakaa naangalia mgr:info, faili deskripta zilifika 2,911 kwa wakati mmoja na hakuna ukurasa uliokwama. Yule mama sijamwona tena.