Peroksaidi au Rangi kwa Roboti Iliyogeuka Njano

Roboti ya plastiki nyeupe ya miaka ya 1980, kama Omnibot ya Tomy, kampuni ya vinyago ya Japani, iliyotoka mwaka 1984, ikigeuka njano, fundi wa Mbeya ana njia mbili. Rangi ya kupuliza hukauka haraka na huficha mikwaruzo, lakini hufunika maandishi ya kiwandani na huchubuka kwenye maungio. Krimu ya peroksaidi, kemikali ya kupausha nywele inayouzwa kwa ajili ya saluni, hurudisha weupe wa plastiki yenyewe kwa msaada wa jua, ambalo katika mwinuko wa takriban mita 1,700 ni kali hata Julai yenye baridi. Hata hivyo krimu ikikauka huacha mabaka, kwa hiyo kifaa kifunikwe kwa nailoni, na fundi avae glavu. Njano huweza kurudi, lakini bado naichagua peroksaidi, kwa sababu inahifadhi uso wa asili.