Boxer, TVS, Mchina au Mjapani? Ununue pikipiki gani kama unaishi Tanga

Juzi barazani Ngamiani, kwenye kahawa, watu wazima nusura washikane mashati kisa pikipiki. Mzee mmoja ambae ujana wake kauendeshea Honda 50 akasema pikipiki ni ya Mjapani tu, zilobaki ni masufuria yamepachikwa magurudumu. Dogo wa boda akamjibu, babu shikamoo, sasa hiyo Honda yako iko wapi, mbona umekuja na baiskeli? Watu wakafa kwa kicheko, muuza kahawa mwenyewe kaacha kumimina. Basi hapo ndo ikaanza, Mhindi mgumu kuliko Mchina, hapana Mchina anakuja juu, Mhindi ana chuma laini, Mzungu ndo mwenye fundi wa kweli, yaani mpaka vikombe vinapoa.

Mie nilikaa kimya nikamaliza kashata yangu. Nimeshamiliki tatu, ya nne ndo naendesha sasa, na nina shemeji yangu anataka kununua mwezi huu kanisumbua kweli kwa simu, kwa hiyo naandika mara moja ili na wengine msome.

Kwanza hili la taifa. Wadau, hizo pasipoti za pikipiki zimeshachanganyika zamani. Yamaha YBR125 ambayo watu wanaiita Mjapani, nyingi zimetoka kiwandani Chongqing, China. Yamaha Crux imetoka India. Honda wenyewe, baada ya kuona Wachina wanawakopi bila huruma, mwaka 2001 waliingia ubia na kampuni moja ya huko Hainan inaitwa Sundiro ambayo ilikuwa miongoni mwa hao hao wakopiaji, yaani mwizi wako ukishindwa kumkamata unamwajiri. Haojue ni Mchina lakini ni mshirika wa Suzuki miaka mingi. Boxer za mwanzo zilikuwa na maandishi ya Kawasaki Bajaj kwenye tenki, kwa sababu Bajaj walikuwa na urafiki na Kawasaki tangu miaka ya 1980. Na hapo nikumbushe, Bajaj ni jina la kampuni ya Pune, India, ila sisi tumelibandika kwenye ya miguu mitatu mpaka ukimwambia mtu Boxer ni Bajaj anakuuliza gurudumu la tatu liko wapi.

Na huyo bwana wa "Mzungu ndo fundi wa kweli" nilitamani nimpe hii: BMW G310, ile pikipiki ndogo ya Mjerumani, inatengenezwa Hosur, India, na TVS. Ndio, TVS hao hao wa HLX ilopaki pale nje ya baraza na kapu la mkate. Triumph Speed 400 ya Muingereza ilotoka 2023 inatengenezwa na Bajaj pale Chakan, pamoja na KTM ndogo za Muaustria. Royal Enfield ilizaliwa Redditch Uingereza 1901, leo ni ya Chennai. Sasa utasemaje Mhindi hajui chuma?

Ila msinielewe vibaya, tofauti zipo. Haziko kwenye damu ya mtu, ziko kwenye bei alopewa mwenye kiwanda. Ukimwambia kiwanda nataka pikipiki ya bei ya chini kabisa atakutengenezea, na atapunguza pale usipopaona: unene wa bomba la fremu, kromu ya eksozi, spoku, beringi, waya, boliti. Injini mara nyingi haina shida. Na ntawapa mfano wangu mwenyewe.

Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa ya kichina, jina silitaji, niliipenda kwa bei. Nilikuwa nabebea machungwa kutoka Muheza. Mwaka haujaisha spoku za nyuma zishakatika sijui mara ngapi, madgadi ya nyuma imedondoka njiani mie sina habari, halafu siku moja natoka Pongwe naona mkia unayumba kama bata, kushuka kuangalia fremu imepasuka chini ya siti. Nikachomelea. Ikapasuka pembeni ya pale nilipochomelea. Nikachomelea tena. Lakini injini, wallahi, ile injini haijawahi kunilaza njiani hata siku moja, kiki moja inawaka, asubuhi ya mvua inawaka. Kwa nini? Kwa sababu ile injini ni mjukuu wa Honda CG125 ya mwaka 1976. Honda waliiunda makusudi kwa watu kama sie, baada ya kuona wateja wa nchi zetu hawabadilishi oili mpaka iwe lami, wakaweka valvu zinazosukumwa na vifimbo badala ya taimingi cheni ndefu ya ndani ya injini ya kwenda mpaka juu, kitu cha kulegea kikapungua. Pakistan mpaka leo wanaendelea kutengeneza CG. Wachina wakaikopi kila kona. Kwa hiyo babu wa Honda pale barazani alikuwa na haki nusu, roho ya Mjapani imo humo humo ndani ya sufuria.

Jambo la pili ambalo miongozo ya watu wa bara haisemi: chumvi. Tanga si Dodoma. Kama unaishi Raskazone, Sahare au unabeba samaki kutoka Deep Sea, pikipiki yako inaliwa huku imelala. Na wabeba samaki ndo mnajimaliza wenyewe, ndoo inavuja maji ya chumvi na barafu yanatiririka kwenye shokapu za nyuma, kwenye cheni, kwenye kiungio cha mkono wa nyuma, baada ya miezi unasema "pikipiki mbovu". Pikipiki gani itavumilia hiyo, hata ya Mjerumani? Funga nailoni ngumu chini ya ndoo, mwagia maji yasiyo na chumvi jioni, paka oili chafu chini ya fremu na kwenye spoku. Mambo ya bure hayo.

Haya sasa orodha, kwa mtu wa Tanga anaetaka pikipiki ya kazi. Bei siandiki, maana bei ya leo kesho si hiyo, zunguka maduka matatu kabla hujatoa hela.

NAMBA MOJA, Boxer 150. Najua kuna watakaonuna. Siiweki juu kwa sababu ndo ngumu kuliko zote, naiweka juu kwa sababu ikikufia Mkinga, Pangani, Handeni, popote, fundi wa chini ya mwembe anaijua kwa kuipapasa gizani na spea ipo duka la jirani na sukari. Watu wa Tanga tunasema waja leo waondoka leo, basi na pikipiki iwe hivyo hivyo, iende kwa fundi leo irudi leo. Injini ni cc 144.8, inapanda na mzigo, na ukija kuuza unauza siku hiyo hiyo. Ubaya wake: wingi wake ndo umeleta spea feki kibao, boksi linafanana na la orijino mpaka rangi, ringi za pistoni ukifunga moshi unarudi baada ya wiki mbili. Na taimingi cheni ukiipuuza inaanza kulia kama mashine ya kusaga, usiisubiri. Kama kazi yako ni mjini tu, Chumbageni, Makorora, Kange stendi unarudi, ile ndogo ya 100 inatosha na mafuta inanusa tu, ila usiipakie mishikaki halafu ulalamike haina nguvu.

NAMBA MBILI, TVS HLX, 125 au 150. Ukweli wa moyoni tofauti yake na Boxer ni ndogo sana, na mie ndo naendesha sasa hivi, ya 150. Gia tano, wakati Boxer 150 nyingi zilizoko hapa ni gia nne, ukitoka mjini kwenda Horohoro kwenye lami unaisikia raha ya ile gia ya tano, injini inapumua. Siti yake naiona nzuri zaidi kwa mgongo, huo ni mgongo wangu lakini, wako sijui. Kwa nini haikuchukua namba moja? Kwa sababu ya vijijini. Mjini spea zipo tele, ukishaingia ndani ndani utaambiwa "ya Boxer ipo, ya TVS njoo Jumatatu". Siku hizi pengo linazibika, pengine mwakani nitaibadilisha hii orodha. Kama huendi mbali na mji chukua hii, hata usiniulize mara mbili.

NAMBA TATU, Haojue. Huyu ndo Mchina wa kumwonyesha mtu anaesema Wachina wote ni wale wale. Ukigonga madgadi unasikia bati lina uzito, waya zimefungwa vizuri, kelele kidogo. Shida ni ile ile, fundi wengi wana mazoea ya Boxer na soko la kuuzia ni dogo. Inafaa mwalimu, nesi, mtu wa kwenda kazini na kurudi, anaeitunza.

NAMBA NNE, Mjapani wa mkono wa pili, zile Honda XL na Yamaha DT na AG zilizokuwa za miradi na mabwana shamba. Kama unapanda Amani kutoka Muheza kipindi cha mvua, udongo ule mwekundu unateleza kama sabuni, hapo hizi ndo zina urefu wa kuvuka makorongo na shokapu za kueleweka. Lakini spea moja inaweza kukuamsha usiku kwa bei, na DT injini yake ni ya stroku mbili, inachoma oili pamoja na petroli, inakunywa. Nyingine zimeshapita kwa mafundi mpaka kilichobaki cha Japani ni jina kwenye tenki. Ukiipata ambayo haijachokonolewa usiiachie. Mzee wa barazani hapa ndo pake, na simbishii, ile Super Cub Honda walioianza 1958, mpaka 2017 walishatoa milioni 100, huwezi kuuza idadi hiyo kwa kubahatisha.

NAMBA TANO, Mchina wa bei ya chini mwenye injini ya CG. Siwakatazi. Kama mfuko ndo huo, nunua, ila siku ya kwanza tu mpeleke kwa fundi abane boliti zote, abadilishe spoku za nyuma aweke nene, aongeze chuma chini ya siti kabla haijapasuka badala ya baada. Uliza pia kama vipuri vya body vya jina hilo vinaingia Tanga, maana injini utapata spea popote ila taa na tenki ya jina lisilojulikana utazitafuta mpaka Kariakoo.

Na hili la kubana boliti ni kwa zote jamani, hata Boxer. Pikipiki nyingi zinakuja kwenye kreti zinafungwa huku huku, na anaezifunga siku ya watu wengi anafunga haraka. Nimeona pikipiki mpya kabisa haijafika Nguvumali kioo kimelala. Oili ya mwanzo mwaga kwenye kilomita 500, usisikilize wanaosema bado ni nyeupe.

Kwa mkono wa pili, nenda asubuhi na mapema kabla muuzaji hajaipasha moto. Ukikuta injini ya moto saa moja asubuhi jua kuna kitu imefichiwa. Iwashe, ongeza resi, achia, ongeza tena: moshi wa bluu ni ringi au valvu, jiandae kushusha injini. Simamisha kwa stendi kubwa ushike tairi la nyuma uliyumbishe kushoto kulia, likicheza bushi zimekwisha. Pitisha kidole chini ya siti na chini ya tenki utafute mshono wa kuchomelea ulofunikwa rangi. Herufi za namba zinakwambia lini imesajiliwa, hazikwambii imetumika vipi, namba ya herufi zinazoanza na D ya boda wa mkataba inaweza kuwa imechoka kuliko namba B ya shekhe anaeendea msikitini tu. Halafu soma namba ya chesesi kwenye chuma na kwenye kadi, herufi kwa herufi, na jina la kwenye kadi liwe la mtu unaemuona mbele yako. Akikwambia "kadi iko kwa bosi, toa hela kwanza", mwambie asante yakhe, nenda zako. Hela itoke mkikaa meza moja na kubadilisha umiliki TRA, kwa watu wa kodi, si kabla.

Ile fremu yangu niliiuza chuma chakavu. Injini fundi akaichukua akaifunga kwenye fremu nyingine, mpaka leo inabeba madumu ya maziwa, naisikia ikipita alfajiri naijua kwa mlio.

Shemeji anatafuta HLX 125, kuanzia namba D, kadi safi, isiwe ilobebea samaki. Mwenye nayo Tanga mjini au Muheza aseme.