Mafunzo ya kahawa vihambani, Moshi: mazuri, ila msiyapime kwa cheti

Kabla ya kulipa ada, wazazi huuliza kuhusu mafunzo haya mafupi: "Akimaliza ataendelea na nini?" Ataendelea na kihamba, yaani shamba la ukoo. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka elimu ya msingi ijitosheleze yenyewe, isiwe maandalizi ya sekondari tu. Tumeyapima mafunzo haya kwa kipimo hicho, na kwa sehemu kubwa yamefaulu.

Siku ya kumenya ndiyo bora kuliko zote. Huchumwa kahawa nyekundu peke yake, humwagwa kwenye maji, na inayoelea huondolewa. Inamenywa siku hiyohiyo kwa sababu ikilala na maganda inaanza kuvunda bila mpangilio. Kila mwanafunzi hurekebisha mashine kwa mkono wake: ikibana mno hukata punje, ikilegea hupitisha maganda. Kisha inavundikwa ili utelezi ulioshika punje uachie, mara nyingi saa 24 hadi 48. Kwenye baridi ya juu Kibosho huchukua muda zaidi kuliko mabondeni, kwa hiyo saa pekee haitoshi. Shika punje kiganjani: zikikwaruza na utelezi umekwisha, osha hapohapo. Ukichelewa zinanuka siki, na punje chache za namna hiyo huharibu mfuko mzima.

Kuanika nako kunafundishwa vizuri: kichanja cha wavu, tabaka jembamba, kugeuza mara kwa mara, kufunika usiku na wakati wa jua kali la mchana ili ganda la ndani lililobaki kwenye punje lisipasuke. Lengo ni unyevu wa asilimia 11 hadi 12. Hapa kuna kasoro kubwa, maana hakuna kipima unyevu na wanafunzi wanaambiwa wang'ate punje. Meno hayatofautishi asilimia 12 na 14, na kahawa yenye 14 huota ukungu ghalani.

Kupogoa kunapitiwa mbiombio, jambo la kusikitisha. Mti usiopunguzwa maotea (machipukizi ya pembeni) ili ubaki na mashina mawili au matatu tu hujaa majani, hewa haipiti, na magonjwa hustawi. Somo hilo lingestahili siku nzima shambani.

Tunayapendekeza, hasa kwa vijana watakaorithi kihamba na kwa akina mama wanaokitunza sasa. Ombeni nafasi ya msimu wa mavuno. Kundi la Machi halikuti kahawa mbivu mtini, hivyo litajifunza kumenya ubaoni tu.