TAHADHARI: Muuza taa za matumbawe "zenye ratiba tayari" Dar

Wakuu wafugaji wa samaki wa maji chumvi, salaam.

Aliye na mpango wa kununua taa ya tangi la matumbawe, awe Dar au anaagiza kutoka mkoani, naomba asitume hela kabla hajasoma haya. Kuna jamaa anauza taa za LED kwa simu, anajiita fundi wa akwariamu, na anachovutia nacho watu ni kwamba taa yake inakuja na "ratiba tayari". Wewe unachomeka tu, saa za kuwaka na kuzima ameshapanga yeye. Nililipa shilingi 780,000. Kati ya matumbawe yangu kumi na mawili, saba yamekufa.

Jina lake silitaji, shauri lipo polisi na RB ninayo. Ila mwenendo wake mtautambua. Hana duka. Anataka malipo yote kwanza, mzigo unakuja na bodaboda, na ukiomba kuiona taa ikiwaka anakwambia imebaki moja na kuna mteja mwingine yuko njiani. Picha za matangi anazotuma si zake. Moja nilikuja kuikuza baada ya kuumia, nikaona soketi ya ukutani ambayo si ya kwetu kabisa.

Taa yenyewe ilikuwa na stika ya kampuni kubwa ya nje, imeandikwa wati 300. Stika ilipoanza kubanduka kwa unyevu, chini yake kulikuwa na nyingine yenye jina nisilolijua. Nikachomeka kipima wati kwenye soketi: chaneli zote mbili, bluu na nyeupe, zikiwa asilimia 100, inakula wati 92. Basi.

Lakini udanganyifu wa wati ungeniuma mfukoni tu. Kilichoua ni ile ratiba. Alinipangia taa iwake kwa muda wa saa 12 kila siku, asilimia 100 tangu dakika ya kwanza, na nilipouliza akanijibu kwa uhakika mkubwa: "Bro, sisi tuko karibu na ikweta, jua letu linawaka saa 12, matumbawe yamezoea." Nikaona ina mantiki, kwa sababu nusu yake ni kweli. Mchana wetu kweli unakaribia saa 12 mwaka mzima. Asichosema ni kwamba jua la saa moja asubuhi si jua la saa sita mchana. Linapanda taratibu, linakuwa kali kwa saa chache, linashuka. Na maji ya juu ya mwamba yanapunguza mwanga huo kabla haujafika chini.

Ndani ya nyama ya tumbawe kuna vijimea vya mwani vidogo sana, ndivyo vinavyotengeneza sehemu kubwa ya chakula chake kwa mwanga. Ukivimwagia mwanga kupita kiasi ghafla, vinazalisha oksijeni yenye sumu, na tumbawe linavitapika ili lijinusuru. Ndiyo maana linabaki jeupe. Halijafa bado, ila lina njaa. Euphyllia yangu, tumbawe gumu lenye mikono laini inayopepea, ilisinyaa siku ya nne. Siku ya tisa nikaona mifupa.

Rafiki aliponiazima kipima mwanga, katikati ya tangi, sentimeta 30 chini ya maji, kilisoma zaidi ya 380 kwa kipimo cha PAR, yaani mwanga ambao mwani unaweza kuutumia. Pembeni kilisoma 60. Zoanthus na matumbawe mengi laini yanaridhika na 50 hadi 150. Acropora, yale matumbawe magumu yenye matawi, ndiyo zinahitaji 200 kwenda juu, nazo zinazoeshwa polepole. Yaani taa ile inachoma katikati na kuacha giza kandoni.

Sasa jambo lililonikasirisha zaidi, ambalo nililigundua kwa bahati. Saa ya ile taa haina betri. Umeme ukikatika ukarudi, inaanza upya kutoka 00:00. Umeme ulirudi saa nane mchana, taa ikajiona iko usiku wa manane, ikazima. Yenyewe imepangwa kuwaka 10:00 ya saa yake, yaani saa nne asubuhi, kwa hiyo ilisubiri saa kumi zipite, ikawaka saa sita usiku na kuendelea hadi saa sita mchana. Mimi nimelala, matumbawe yanaungua kwa mwanga usiku wa manane. Nilipomwambia alinijibu kwamba hiyo ni kawaida, halafu akaniuzia "dawa ya weupe" kwa shilingi 60,000. Wakuu, hakuna dawa ya chupa inayorudisha mwani ndani ya tumbawe. Unapunguza mwanga, unatuliza joto la maji nyuzi 25 au 26, unalilisha, unasubiri.

Na mwisho akajitolea kuniletea matumbawe mapya "fresh kutoka Mbudya". Hapo ndipo nilipokata mawasiliano. Mbudya, kisiwa cha pwani ya Dar, ni hifadhi ya bahari, pamoja na Bongoyo, Pangavini na Fungu Yasini. Sheria ya Hifadhi za Bahari ipo tangu 1994, na matumbawe magumu yote yako kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa unaodhibiti biashara ya viumbe vya porini. Miamba yetu iliumia vibaya kwa joto la mwaka 1998, halafu mtu aende kuibandua kwa patasi ili aniuzie mimi. Akikupa ofa hiyo, mripoti.

Kwa sasa ninatumia taa ya kawaida na ratiba niliyoipanga mwenyewe, na matano yaliyobaki yameanza kufunguka. Saa nne asubuhi bluu peke yake inaanza asilimia 5, inapanda hadi saa saba mchana. Nyeupe inaingia hapo, haivuki 15, inatoka saa kumi na moja jioni. Bluu inashuka, saa mbili usiku giza totoro. Wiki ya kwanza kilele cha bluu kilikuwa 30, naongeza 5 kila wiki, na nikiona rangi inapauka narudi nyuma wiki nzima. Mwani wa kijani kwenye kioo nao umepungua sana tangu nifupishe saa.

Unapokwenda kununua, kwa yeyote yule, nenda na kipima wati. Mwambie aiwashe mbele yako, chomoa waya dakika kumi, rudisha, kisha tazama saa yake inasomaje. Muuzaji anayejua anachouza hatakataa.

Na kama taa ya huyu jamaa tayari iko juu ya tangi lako, usiku huu amka saa nane uende ukaangalie kama chumba kina giza. Ukiikuta inawaka, ichomoe hapo hapo, liache tangi kwenye giza hadi kesho yake, halafu anza na asilimia 20.